Lyall wa Gari la Nyuma

Ukimkuta baba mkwe wangu kwenye barabara ya vumbi, utamkuta nyuma. Hata msafara uwe wa magari mawili tu, lake ni la pili. Wenye haraka humpita, wanamwinulia kidole kimoja juu ya usukani kama ilivyo desturi, naye anawainulia chake, kisha anasubiri vumbi lao litulie ndipo aendelee. Anaitwa Lyall Pengilly. Kwetu Wirrabilla, mji mdogo wa mashamba ya ngano, alikuwa na bucha kwa muda mrefu sana, hata wanaume wenye vipara bado humwita Bwana Pengilly, kwa kuwa aliwapa kipande cha soseji walipokuwa wanashikwa mkono na mama zao.

Mimi ni mke wa mwanawe, Damien. Baba ndivyo ninavyomwita. Siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani kwao alininyooshea mkono wake wa kulia, nikaona kidole cha shahada hakina ncha. Akaniambia, "Usiogope, mwanangu. Ncha yake iliingia kwenye mashine ya kusagia nyama. Aliyeila ni wakili mmoja wa Adelaide, na mpaka leo anasifia zile soseji." Mama mkwe, Verna, akampiga na kitambaa cha vyombo. "We mzee, mgeni hajakaa hata!"

Hadithi hiyo ya kidole aliisimulia kila mahali. Siku hizi haisimulii tena, na sababu yake ilitokea kwenye barabara ya kutoka Alice Springs kwenda magharibi.

Alipoiuza bucha, yeye na Verna walinunua karavani, wakawa kama wazee wengi wa huku: baridi ikianza kusini, wanafunga nyumba, wanaifunga karavani nyuma ya gari, wanafuata jua. Walikwenda pamoja na marafiki, karavani tatu, kila gari na simu yake ya upepo. Lyall ndiye aliyetangulia, kwa sababu alipenda kuona kitu kabla ya mwingine. Na walikuwa na kanuni moja, ambayo misafara mingi inayo: mkiona mtu amekwama kando ya barabara, wa mbele hasimami. Barabara ni nyembamba, kando ni mchanga, na wa mbele akifunga breki, wa katikati yumo ndani ya vumbi lake haoni kitu. Wa mbele anatoa habari kwenye simu, na anayesimama ni gari la nyuma.

Mwaka ule walichelewa kurudi. Ilikuwa Oktoba na joto limekwisha ingia. Lyall akamwona kijana amesimama kando ya gari la zamani jeupe, boneti juu. Kijana alipoona karavani zinakuja moja baada ya nyingine, aliinua mikono yote miwili akacheka. Verna aliniambia habari ya kicheko hicho mara nyingi. Alisema kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona mlango unafunguliwa.

Lyall akachukua simu ya upepo. "Kuna kijana mkono wa kushoto, boneti juu. Wa nyuma, mwangalie."

Sauti ikajibu, "Sawa. Nimemwona."

Wakaenda. Jioni, kambini, Lyall alikuwa anageuza soseji motoni wakati gari la mwisho, la rafiki yake Stobie, lilipoingia, limechelewa saa nyingi.

"Yule kijana alikuwa na shida gani?" Lyall akauliza.

"Kijana yupi?"

"Wa gari jeupe. Uliyesema umemwona."

"Mimi nilikuwa chini ya karavani asubuhi yote napigana na pancha," Stobie akasema. "Simu nimeizima. Gari jeupe nimelipita, ndiyo, lakini halina mtu. Boneti imefungwa. Nikadhani ni yale yale mabovu."

Wa katikati naye akaapa kwamba hakufungua kinywa. Lyall aliziacha soseji motoni, akaifungua karavani kutoka kwenye gari, akarudi usiku ule ule, kangaruu wakimrukia mbele ya taa. Alfajiri alilikuta lile gari. Ndani mlikuwa na blanketi, viatu vya kuogelea na chupa tupu. Polisi walimwona kijana baada ya siku kadhaa, amekufa kwa kiu, amelala ubavu karibu na kinu cha upepo cha kuvuta maji ambacho bomba lake lilikauka zamani. Alikuwa Mholanzi, jina lake Joost, alikuja kuchuma matikiti.

Nani alijibu, "Sawa, nimemwona"? Polisi walisema ni dereva wa lori fulani, alikuwa anaongea na mtu mwingine juu ya jambo jingine, mawimbi yakakutana. Huenda. Lyall aliwasikiliza akaitikia kwa kichwa. Verna alisema kwamba tangu siku hiyo hakuizima simu ya upepo hata usiku. Aliiweka karibu na mto, sauti chini, inakoroma.

Mama wa kijana alikuja kutoka kwao. Alifika mpaka Brolga, kituo cha mafuta kilicho karibu kuliko vyote na mahali pale, na Lyall akasafiri kutoka Wirrabilla kwenda kumwona. Verna alikuwepo. Alisema yule mama hakulia wala hakulaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ulimwona uso?"

Lyall akajibu, "Nilimwona, mama. Alikuwa anacheka."

Yule mama akashukuru. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi kila nikifikiria shukrani hiyo nasikia baridi. Afadhali angemzaba kofi.

Baada ya hapo Lyall akawa wa nyuma. Kila gari lililosimama, alisimama. Mwanzoni ilikuwa jambo jema, na watu wengi walipata maji, mafuta, mkanda wa feni kutoka kwenye sanduku lake. Lakini barabara zetu za bara zimejaa magari yaliyokufa. Mengine yamelala chali, mengine yameungua yakabaki kutu, mengine yamepotea rangi mpaka hujui yalikuwa ya nani. Akaanza kusimama na kwa hayo. Anashuka, anainama dirishani, anatazama viti vya nyuma, anafungua buti kama lipo. Verna alikuwa akimwekea mkono gotini kabla hajagusa breki. "Lyall, hiyo ni kutu tu, mpenzi wangu. Twende." Naye alikwenda. Mkono ule ndio uliomfikisha nyumbani kila mwaka.

Kisha Verna akafa, si barabarani, nyumbani kitandani kwake, na pakawa hapana mkono.

Majira ya baridi yaliyofuata tukaamua kwenda pwani ya magharibi kwa wifi yangu aliyejifungua. Damien akataka tupite barabara ile ile. "Baba akipita pale pamoja na sisi, atatua mzigo," alisema. Wanaume wana njia zao za kutibu. Mimi moyoni nilikuwa na neno moja tu: binti yangu Tegan asipande gari la babu yake. Tegan ana miaka tisa na kifua chake si kizuri. Vumbi likimwingia, anaanza kupiga mluzi ndani kwa ndani kama birika. Dawa yake ya kuvuta, ile ya buluu, nilikuwa naipapasa mfukoni mara nyingi kuliko mlevi anavyopapasa chupa. Na gari la nyuma ndilo linalokula vumbi la wengine. Hiyo ndiyo sababu niliyoitaja. Sababu nyingine sikuitaja mbele ya watu.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Sisi mbele na karavani yetu, yeye nyuma na yake, mbali kiasi kwamba hatumwoni ila wingu dogo kwenye kioo. Lakini baada ya lami kwisha, barabara ikawa makunyanzi kama bati la paa, gari linatetemeka mpaka meno yanauma. Siku ya pili ya mtetemo huo mpira wa mlango wetu wa nyuma uling'oka, na vumbi jekundu likaanza kumiminika ndani kama unga kwenye ungo. Tegan akakohoa. Nikamfunga kitambaa chenye maji usoni. Akakohoa tena. Tukasimama, tukamngoja Lyall. Alishuka, akaonja vumbi la kwenye kiti chetu kwa kidole, akasema, "Hapa mnaweza kupanda viazi."

"Baba, sicheki," nikamwambia.

"Naona. Gari langu limezibwa vizuri, mwanangu. Mlete huku. Nitakaa mbali na nyinyi, vumbi lenu litakuwa limelala."

Damien akanitazama. Tegan alikwisha beba mto wake.

"Hutasimama ovyo?" nikamuuliza.

"Nitasimama nikiona mtu."

"Mtu, Baba. Siyo gari bovu. Mtu."

"Mtu," akasema.

Basi nikampa dawa ya buluu, nikamwonyesha jinsi ya kuitikisa, nikamwambia mara ngapi. Yeye amelea watoto na wajukuu, hakuhitaji somo, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

Nikawa mama wa kwenye simu ya upepo. Damien alichoka nami.

"Gari la nyuma, mnanisikia?"

"Tunakusikia, Robyn, kama tulivyokusikia kwenye kichuguu kile cha nyuma," Lyall akajibu. "Mtoto anakula biskuti. Ametutangazia kwamba atakuwa rubani."

"Kifua?"

"Kifua kinaimba wimbo wake wa kawaida, chini chini. Mpe nafasi mzee aendeshe."

Kisha sauti ya Tegan, "Mama, Babu kasema ukiita tena ataniuza Brolga kwa pipa la dizeli!"

Nikacheka. Damien naye akacheka, akaniwekea mkono begani. Barabara ilikuwa imenyooka, majani ya miiba huku na huku, mbingu haina hata alama moja. Nikajilazimisha kuhesabu vichuguu kabla ya kuita tena. Nilipoita, hakuna jibu.

"Gari la nyuma?"

Mkoromo.

"Baba? Tegan?"

"Kuna mteremko hapo nyuma," Damien akasema. "Simu hizi hazipiti mteremko. Ngoja kidogo."

Nikangoja kidogo. Nikatazama kioo. Wingu la vumbi lililokuwa linatufuata tangu asubuhi halikuwepo. Si kwamba lilikuwa dogo. Halikuwepo, na mstari wa barabara nyuma yetu ulikuwa safi.

"Geuza gari," nikasema.

"Robyn, na karavani hii, hapa? Mchanga wote huu?"

"Geuza gari, Damien!"

Hakugeuza, kwa kuwa haiwezekani. Tulisimama, tukashuka, tukaifungua karavani pale pale kando ya barabara, naye akizungusha mpini wa jeki na mimi nikivuta minyororo mpaka kucha zikakatika. Kazi ile huwa tunaifanya kila jioni tukitaniana, siku hiyo kila bolti ilikuwa adui. Kisha tukarudi kwa kasi ambayo barabara ile haiitaki.

Tulilikuta gari la Lyall limeegeshwa vizuri kabisa, limesogezwa kando jinsi inavyotakiwa, taa za tahadhari zinawaka na kuzima mchana kweupe. Karavani nyuma yake imetulia. Milango imefungwa. Ndani hakuna mtu. Kwenye kiti cha Tegan palikuwa na mto, biskuti iliyong'atwa, na dawa ya buluu.

Nilipoiona dawa, niliinyakua. Damien aliita, "Baba! Tegan!" Sauti yake haikwenda popote. Pale nchi ni tambarare, hakuna cha kuirudisha. Juu mwewe wawili walikuwa wanazunguka polepole, nikawachukia.

Nikatazama chini. Kwenye mchanga kulikuwa na alama za buti kubwa, na kando yake alama za viatu vidogo vyenye nyota kwenye soli, ambavyo mimi mwenyewe nilimnunulia. Buti zilikuwa na hatua ndefu. Vile vidogo mahali pengine vilikimbia ili kufuata. Niliziandama huku nimeshika dawa, Damien nyuma yangu, tukaingia kwenye vichaka vya mulga, miti ya nyika iliyo jamii ya mgunga. Gari barabarani likapotea machoni. Nyayo ziliendelea moja kwa moja, hazikusita hata mahali pamoja, kama za mtu anayekwenda kwake.

Tukasikia kwanza mluzi. Nilikuwa naujua, ni kifua cha mwanangu.

Palikuwa na gari. Sijui lilikuwa la rangi gani zamani, sasa lilikuwa rangi ya udongo. Halina vioo wala magurudumu, na mti wa mulga ulikuwa umeota katikati ya viti vya mbele ukatoka juu mahali paa lilipokuwa limeoza kwa kutu. Tegan alikuwa amekaa kwenye kivuli chake, mabega juu, midomo imeanza kubadilika rangi. Lyall alikuwa amepiga magoti upande wa mlango wa nyuma, kichwa na mabega yake yako ndani. Juu ya boneti aliweka dumu la maji na kikombe kilichojaa.

Sikumtazama yeye. Nilimpa Tegan dawa, nikamshika mgongo, nikahesabu pumzi zake, nikampa tena. Tulikaa hivyo, na dunia ilikuwa kile kifua tu. Taratibu mluzi ukashuka. Midomo ikarudi. Akaniegemea, akasema, "Nimeisahau kwenye kiti, Mama. Babu alitembea haraka."

Damien alikuwa amesimama juu ya baba yake. "Baba, ulikuwa unafanya nini? Hilo gari lina mti ndani!"

Lyall akatoka, akakaa chini, mikono juu ya magoti. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi na kwenye mashavu palikuwa na mistari miwili safi. "Naona mti," akasema. "Nimeuona baada ya kufika. Kwanza nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mtu aliita kwenye simu. Nikasimama, nikashuka, nikakuta amepita hapa."

"Hakuna mtu aliyeita! Sisi tulikuwa kwenye simu hiyo hiyo. Hatukusikia kitu."

Hapo Tegan akainua kichwa begani kwangu. "Mimi pia nilisikia," akasema. "Alisema, 'Nyinyi ndio wa mwisho?'"

Ndege mmoja alikuwa anaparura bati la lile gari kwa kucha, nasi wote tulikuwa tunamsikiliza yeye.

Nimemuuliza Tegan baadaye, kwa upole na kwa ukali. Nimemwambia labda ni Babu aliyesema na wewe ukarudia. Jibu lake halibadiliki. Ni sauti ya mwanamume, haina hasira, inauliza tu, na Babu akajibu, "Ndio sisi, mwanangu, tunakuja." Nimewahi kuwaza habari za madereva wa malori, na mawimbi yanavyoweza kuruka mbali siku zisizo na wingu. Nawaza hivyo mchana.

Tuliporudi barabarani nilimwingiza Tegan kwenye gari letu, nikaziba ule mlango mbovu kwa taulo na utepe wa gundi, kisha nikamwendea Lyall. Alikuwa anafuta kile kikombe. Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua kwamba Verna angekisema vizuri zaidi.

"Baba, Tegan hapandi tena gari lako."

"Ni haki yako."

"Na wewe hukai tena nyuma. Kuanzia kesho unatangulia, tukuone."

Akaacha kufuta. "Nyuma atakuwa nani?"

"Hakuna. Watu wanasafiri kila siku bila mtu wa kuwa nyuma yao."

"Najua wanasafiri," akasema. "Robyn, ningekufa mimi kabla Tegan hajadhurika. Unajua hilo?"

"Najua, Baba. Lakini usingeona kwamba hapumui. Ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya lile gari."

Hilo lilimwingia. Niliona linavyomwingia na sikulirudisha. Akafungua mlango akapanda, akakaa akishika usukani bila kuwasha.

Jioni tukafika Brolga. Mwenye kituo ni Glenys, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, anapika, anajaza mafuta, na kufukuza walevi kwa fagio. Alimkumbatia Lyall. "We mchinjaji, umekonda! Na mimi hapa nina nusu ng'ombe kwenye jokofu, mpishi wangu katoroka, na mimi nikishika kisu namkata kama nachanja kuni."

"Nimeona vipande vyako vya mbavu mwaka juzi," Lyall akasema. "Nilidhani ni ajali."

Akacheka kidogo, na mimi nikashukuru. Akala. Akamfundisha Tegan kukunja karatasi ya mkate kuwa ndege. Lakini nilikuwa natazama, kwa maana kazi yangu ni kutazama, na niliona anavyogeuka kila mlango ukifunguliwa, anahesabu walioingia, halafu anatazama nje kama kuna aliyebaki.

Asubuhi alitangulia, kama nilivyosema. Sisi tulifuata. Kwa muda nilifurahi kuona karavani yake mbele yetu, ile nyeupe yenye mstari wa kijani ambao Verna aliupaka mwenyewe. Lakini mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea kinyumenyume. Anakwenda, anapunguza, anakanyaga breki, anakwenda. Kwenye kioo chake kirefu cha pembeni nilikuwa naona uso wake, muda wote unatazama nyuma, haupo barabarani. Mara mbili gurudumu lake lilishuka kwenye mchanga wa kando akalirudisha. Damien akaita kwenye simu, "Baba, tazama mbele."

"Natazama," akajibu.

Tukafika mahali wachimbaji wa kokoto walipoacha uwanja mpana. Akaingia hapo, akasimama. Tukasimama nyuma yake. Akashuka, akaja dirishani kwangu, siyo kwa Damien.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Mbele siwezi. Nikiwa mbele sijui nani kabaki."

"Basi twende hivyo hivyo polepole," Damien akasema. "Tutafika."

"Nitaua mtu. Nimekwisha kushuka barabarani mara mbili na mkeo kaona." Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. "Uwanja huu unatosha kugeuza. Narudi Brolga. Glenys ana nyama inayohitaji mtu, na pale ukikaa dirishani unaona wote wanaotoka, na unajua wote waliotakiwa kufika. Asiyefika, unakwenda kumtafuta. Ni kazi ya mtu mmoja tu, na haihitaji mtoto."

"Mpaka lini, Baba?"

Lyall akamtazama mwanawe kama aliyeulizwa bei ya jua.

Damien alishuka wakasimama mbali kidogo, wakaongea, sikusikia. Niliona mume wangu anafuta macho kwa ukosi wa shati. Neno langu moja tu lingetosha kumwomba Lyall aje nasi. Ningesema, sawa, kaa nyuma, ila bila mtoto. Angekubali. Lakini nilikuwa nimekwisha ona lile gari lenye mti, na nilijua kwamba akiwa nyuma yetu, sauti ile nayo itakuwa nyuma yetu. Nikanyamaza.

Tegan alimkumbatia shingoni kupitia dirisha, hakutaka kumwachia. "Babu, na akiita tena?"

"Mimi ndiye nitakayemjibu," akasema. "Wewe kuwa rubani."

Kisha akageuza gari na karavani yake kwa mzunguko mmoja mpana, bila kurudi nyuma hata mara moja, kazi safi, akainua kidole chake kisicho na ncha juu ya usukani, akaenda alikotoka. Mpaka leo yuko Brolga. Wapitaji hutuletea salamu zake, na wengine hutusimulia kwamba walimkuta anawajia barabarani na maji kabla hata hawajajua kwamba wamekwama. Soseji zake wanazisifia pia. Kurudi Wirrabilla hajarudi.

Sisi tulikwenda magharibi. Tegan aligeuka kwenye kiti akapiga magoti, akatazama dirisha la nyuma. Nikamwambia akae vizuri, afunge mkanda, atazame mbele. Akakaa. Nami nikawa na macho kwenye kioo cha pembeni, asubuhi ile yote na mchana ule, nikitazama vumbi letu linavyopanda, linavyotanda, linavyotua juu ya barabara. Nyuma yetu hapakuwa na mtu.